Anwani ya Juu ya Reli

"Na humu ndani, Bibi, kuna aliyewahi kupata kazi ya ofisini?" mtafiti aliuliza, kalamu mkononi.

Bibi alipapasa lengelenge la kidoleni. Pasi ilikuwa imemuunguza asubuhi akinyoosha kola ya mjukuu wake.

Mtafiti mwenyewe alikuwa binti wa adabu. Alivua viatu mlangoni. Alisema serikali inataka kujua kwa nini watu wa rangi yetu, wa huku chini ya reli, barua zao za kazi hutupwa kabla ya kusomwa. Ikishajua, itatunga sheria.

"Lini hiyo, mwanangu?"

"Labda miaka mitano, Bibi."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mjukuu alikuwa na miezi miwili tu benki, na barua yake ilibeba anwani ya juu ya reli, ya nyumba ambako Bibi hufua nguo. Benki wakijua anatoka huku chini, watamfukuza.

"Hakuna," Bibi alisema. "Huku tunasoma, halafu tunakwenda kuwafulia wa juu ya reli. Andika."

Binti akaandika. Hapo mlango ukasukumwa. Mjukuu alisimama kizingitini, kola wima, kitambulisho cha benki kikining'inia kifuani.

Mtafiti aliinua kalamu. "Na huyu?"

Bibi alimgeukia kijana. "Umepotea, mwanangu," alimwambia mjukuu wake kwa upole. "Nyumba unayoitafuta iko juu ya reli."

Mjukuu alimtazama, akayatazama na yale makaratasi.

"Samahani, mama," alisema, akaurudisha mlango taratibu.