Chumba cha Katikati

Damari alisukuma mlango wa chumba cha mama yake, chupa ya uji mkononi, akakuta kitanda hakipo. Palipokuwa na mto pana stuli, na juu yake ruta ya wai-fai inawaka vitaa vya kijani.

"Kuta za fleti hii ni za mawe, nene mno," kaka yake alisema, macho kwenye simu. "Fundi kasema ruta ikae hapa katikati ndiyo mtandao ufike vyumba vyote. Nami siwezi kuingia kuiwasha na harufu ile ya Mama."

"Mama yuko wapi?"

"Stoo. Mwenyewe hakukataa."

Mama hakuwa ametamka neno tangu apooze.

Damari alimkuta stoo, amelazwa kiubavu, uso ukielekea gunia la vitunguu vilivyooza. Maji ya vitunguu yalikuwa yamelowesha shuka, na nzi walitembea juu ya kope zake. Damari aliweka chupa ya uji chini.

Alimfuta mama uso kwa kitenge, kisha akampigia dereva wa bajaji iliyomleta.

"Rudi. Uje ndani unisaidie kumbeba mtu."

"Majirani watasemaje?" kaka yake aliuliza kutoka mlangoni, simu sasa ameishusha.

Damari alipitisha mikono chini ya mabega ya mama, akaanza kumnyanyua.