Zamu ya Siwema

Ubao ulikuwa umejaa. Haggai, mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, aligeuka kutafuta kifutio huku mkaguzi wa chuo akimwangalia toka nyuma ya darasa. Siwema, wa dawati la mbele, akavua sweta lake na kumnyooshea.

Lilikuwa gumu kwa chaki na lilinuka mate. Mwalimu Mtweve, mwenye darasa, hutemea sweta la mtoto kwanza ndipo afutie ubao. Jana Haggai naye alipokea la mtoto mwingine, akafuta, akasema asante. Leo hakulipokea.

“Livae, mwanangu.”

“Lakini leo ni zamu yangu, mwalimu.”

Haggai akafuta ubao kwa mkono wa shati lake jeupe. Mkaguzi alikunja uso kwa kinyaa, akaandika kwenye kipengele cha unadhifu.

Siwema hakulivaa. Alibaki amemnyooshea Haggai.