Kijiji cha Batula

Utingo aligonga ubavu wa lori. "Batula! Wa Batula mshuke!"

Batula akashuka, mwanawe Ubah mgongoni.

Wiki iliyopita, kwenye darasa la jioni kule Waberi, Mwalimu Kulow aliwasimulia habari za Kaisari: jina la ukoo mmoja wa Rumi, wakapewa wafalme wasio wa damu yake, ikapewa miji, hata Wajerumani wakaliazima. "Jina hufika mbali kuliko mwenyewe," alisema.

Fosia, mwenzake wa dawati, akamchokoza. "Basi abaayo, Kaisari wetu ni wewe. Una kijiji chako mbele ya Modogashe. Kimeanza juzi tu, baada ya ukame."

Batula hakucheka. Ukame huohuo ndio uliomtoa mumewe Jirma nyumbani na mbuzi wake, akamwacha yeye na mimba. Miaka mitatu, hakuna simu, hakuna salamu. Kaka zake Batula walitaka aende kwa kadhi, avunje ndoa, aolewe tena.

"Ngojeni kidogo," aliwaambia. "Nani mwingine angeita mji kwa jina langu?"

Pale aliposhukia palikuwa na vibanda kumi vya mabati na tangi la maji. Mama mmoja aliuza maziwa ya ngamia kando ya barabara.

"Assalamu alaykum, eedo."

"Wa alaykum salaam, mwanangu. Mtoe mtoto juani." Akageuka. "Batula! Lete kikombe!"

Wakaja wasichana wawili wadogo wakisukumana.

"Wote ni Batula?"

"Wako wanne!" Mama akacheka. "Jina hili lilikuja na mvua. Nani asingelitaka?"

Batula akamsogelea. "Na aliyelileta, ni mwanamume? Mrefu, ana kovu kidevuni?"

Mama akafunika maziwa yake. "Njoo," akasema.

Batula akaweka shungi lake sawa. Akampangusa Ubah maziwa mdomoni. "Utamwona aabo, baba yako," akamnong'oneza.

Nyuma ya tangi palikuwa na ua wa miiba, na ndani yake mawe yaliyopangwa vizuri, yamefagiliwa.

"Kwetu mahali huitwa kwa jina la aliyezikwa hapo," mama akasema. "Huyu alifika kiu imeshammaliza. Jina lake hakutwambia. Aliita hili la Batula tu, mpaka alfajiri, mvua ilipoanza."

Akamgeukia. "Nawe waitwa nani, mwanangu?"