Chumba cha Miche

Kitu cha kwanza Sekela alichokiona asubuhi ile ni mvuke wa pumzi ya bibi yake, aliyekuwa akilala ghalani. Tangu stroberi za Lushoto ziungue na jua na za Timau zikauke, sheria huku Njombe ilikuwa moja: majira ya baridi, chumba chenye jiko ni cha miche ya stroberi. Miche ikifa, kampuni inachukua shamba.

"Nikichanua maua, mjukuu wangu, wataniingiza ndani," bibi alitania huku akikohoa.

Sekela alicheka, akaenda kuchochea moto wa miche.

Siku maji yalipoganda ndooni, hakukuta mvuke ghalani. Alipiga magoti, akasema neno aliloliogopa msimu mzima: "Bibi, ingia ndani. Acha miche ife."