Kisipojibu, Endelea

Muuguzi Zawose alimwonyesha Tunu chupa za chanjo zilizoharibika. "Jokofu limezimika tangu juzi, na programu yako ya kulichunga haikututumia hata ujumbe mmoja."

Tunu akaifungua programu kwa macho mazito ya uchovu. Akaukuta mstari aliouandika mwenyewe, siku alipochoshwa na kelele za tahadhari: kipimajoto kisipojibu, endelea. Akaufuta, akaandika: kisipojibu, nipigie simu mpaka nipokee.

"Na kina mama walioko nje, nani atawaambia?" muuguzi aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeinyamazisha," Tunu alisema. "Nitawaambia mimi."

Akajikokota hadi mlangoni, akaufungua. Kwenye benchi wanawake wote wakainuka na watoto wao, kila mmoja akidhani ameitwa yeye.