Swali la Kakakuona

Zamani, wanyama walipokuwa na jarida lao la tiba, Kicheche aliteuliwa kuwa mhariri. Kazi yenyewe hakufundishwa. Alijua kusahihisha nukta na mikato tu. Akapelekwa kwa Kakakuona, mhariri wa miaka mingi, ajifunze.

Siku hiyo Tembo, tabibu aliyeogopwa na wote, alileta makala. "Dawa yangu ya magome imeponya wagonjwa kumi wa homa," alisema. "Ichapisheni leo."

Kicheche alikuwa ameshakubali. Kakakuona akauliza taratibu, "Daktari, uliwapa wangapi?"

"Thelathini."

"Na hao ishirini?"

Tembo akasema kwa sauti ndogo, "Tuliwazika."

Kicheche alidhani Kakakuona angekanyagwa palepale. Badala yake Tembo aliinamisha kichwa, akachukua makala yake, akaondoka.

"Mama, nani alikufundisha kuuliza hivyo?" Kicheche aliuliza.

"Kifo cha binti yangu," alijibu Kakakuona. "Alikunywa dawa iliyosifiwa humu humu jaridani. Mhariri wa wakati ule hakuuliza kitu."

Kicheche alivuta makala iliyofuata, akaisoma polepole mno, na kila walipotajwa waliopona, akauliza waliko wengine.