Gunia la Kwanza

"Hujawahi kufanya kazi popote," meneja wa kituo cha kununulia pamba aliniambia, "kwa hiyo leo nakujaribu. Pamba safi ipite, fifi, ile chafu, irudi. Ukipitisha fifi, unarudi nayo nyumbani."

Ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi pale Bunda. Gunia la kwanza kwenye foleni lilikuwa la baba.

Nikazamisha mkono mpaka begani. Juu pamba ilikuwa laini. Chini kabisa vidole vikagusa majani makavu na pamba iliyogandamana, ya njano, iliyoliwa na wadudu. Nikatoa konzi moja. Baba akaitazama, halafu akanitazama mimi. Meneja naye alikuwa anatazama.

"Fifi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Baba, mwaga kwenye turubai uchambue upya."

Baba akamwaga gunia, akapiga magoti, akaanza kuchambua taratibu. Kisha akamgeukia jirani yetu aliyekuwa nyuma yake, akasema bila kupunguza sauti:

"Kama na wewe unafichaga fifi chini, itoe sasa hivi. Yule hadanganyikagi. Binti yangu yule."